Uliza Shangazi: Paka mwenye "homa", cherehani ya milioni themanini na wikendi ya Morogoro

Haya wapenzi, meseji zimejaa tena na safari hii sijui mmeambizana, manake nusu nzima ni paka, mbwa, milima na vitu vya marehemu bibi, wale wa kudaiwa na wa kuachwa mmepumzika kidogo, Shangazi nimepumua. Nimechukua haya, mengine toleo lijalo. Na jamani mkiandika semeni mko wapi, mtu ananiuliza mvua itakata lini na hata mkoa hautaji, mi ntajuaje.

Shikamoo Shangazi. Nina paka jike, wa mtaani tu, nilimuokota sokoni akiwa kichanga na sasa kawa mkubwa, ananipenda mpaka kero. Shida zangu mbili. Kila alfajiri ananiletea mjusi kitandani, siku nyingine mjusi mwenyewe bado mzima anatapatapa, na mume wangu kashasema akikanyaga tena mjusi paka anahama. Ya pili, juzi nimemshika masikio nikayakuta ya moto sana, jirani akaniambia nimsagie nusu panadol kwenye maziwa. Nimpe?
*Mama Paka, Tanga*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo panadol kabla hujafika jikoni: usimpe. Si nusu, si robo, si ya kulamba. Ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa kama la binadamu, inageuka sumu mwilini mwake, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia au bluu, uso unavimba, anahema kwa tabu, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka mzima mwenye afya zake. Kama jirani kashampa kwa huruma zake usikae kusubiri uone itakuwaje, mbebe saa hiyohiyo kwa daktari wa mifugo na useme kala nini na saa ngapi.

Alafu homa yenyewe huenda hata haipo. Joto la paka mzima ni nyuzi 38 hadi 39 na kitu, yaani wewe ukiwa na joto hilo ushajifunika blanketi unaomba uji, yeye ndo yuko freshi. Kwa hiyo ukimshika masikio lazima uyaone ya moto, na Tanga lile jua akitoka kulala juu ya bati ndo kabisa. Paka anayeumwa utamjua kwa mambo mengine, anaacha kujilamba manyoya yanasimama ovyo, anajificha uvunguni, chakula hataki hata umuwekee samaki. Huyu wako anaamka alfajiri kuwinda, huyo haumwi, huyo yuko kazini.

Na hayo maziwa punguza, paka wengi wakishakua tumbo haliyawezi tena, wanaharisha na wewe unasema kalogwa. Maji safi yanamtosha. Dagaa ni sawa ila chemsha, usitie chumvi wala kitunguu, manake kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vinamharibia damu, na asile dagaa tu mwaka mzima, mchanganyie na nyama, utumbo, vichwa vya samaki. Ugali uliochovywa mchuzi hauwezi kumlea paka, huyu ni mla nyama wa kuzaliwa.

Mijusi sasa. Hapo mwanangu hakuna dawa ya moja kwa moja, paka anawinda hata akiwa ameshiba, na kukuletea wewe ni kwa sababu kitandani kwako ndo kwao. Mvishe kengele ndogo shingoni, lakini mkanda uwe ule unaoachia akinasa kwenye matawi. Jioni mchezeshe na kamba mpaka achoke, ndo umpe chakula chake kikubwa cha siku, na mlango wa chumbani ufunge. Mwambie na shemeji yangu huyo kwamba nyumba yenye paka mwindaji panya hawakai, achague, mjusi mmoja au panya kwenye gunia la mchele. Ila kama majirani wanatega sumu ya panya kaa nao uwaambie, paka akila panya aliyekula sumu na yeye anaondoka.

Kingine hujauliza lakini nakwambia, kamhasi. Paka jike anaweza kushika mimba hata miezi sita haijatimia, na anaibeba kama siku 63 tu. Usije ukanirudia mwakani na paka kumi na mbili na mume mmoja mwenye hasira.

Habari za kazi Shangazi. Bibi yetu katuachia cherehani ya Singer ya kukanyaga, nyeusi ina maua ya dhahabu, ndo aliyowasomeshea watoto wake. Imekaa stoo miaka. Sasa kaja kijana mmoja kapendeza kweli anasema ananunua cherehani za zamani, ana tajiri wake nje. Akasogeza simu yake kwenye sindano, mtandao ukakata hapohapo, akasema ndo dalili ina zebaki nyekundu ndani, eti kitu adimu cha thamani kubwa, bei milioni 80. Ila kwanza tutoe laki nne za kumleta mtaalamu wa kupima. Kaka mkubwa kashaanza kuchangisha ukoo. Mimi nina wasiwasi, wananiambia nina gundu. Na kama hatuuzi, inaweza kufanya kazi tena kweli? Gurudumu ni gumu na ukilazimisha ikashona, nyuzi zinajaa fundo chini ya kitambaa.
*Mjukuu mwenye gundu, Mbagala*

Hiyo gundu yako ishikilie mwanangu maana ndo akili peke yake iliyobaki kwenye huo ukoo. Mwambie kaka arudishe michango ya watu leo, tena kabla ya magharibi.

Hii hadithi ya zebaki nyekundu nzee kuliko huyo kijana. Mwaka 2009 iliikumba Saudi Arabia, uvumi ukaenea kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu kwenye sindano, zikaanza kutangazwa kwa bei hadi riyali 200,000, watu wakazipekua stoo za mama zao, wengine wakavamia maduka ya washonaji, na kipimo chao kilikuwa hichohicho cha simu, eti ukiisogeza karibu na sindano laini ikikatika basi imo. Serikali yao ikatoka kusema hakuna kitu. Uvumi ukazunguka ukazunguka na sasa umefika Mbagala umevaa vizuri.

Jiulize tu, simu ni ya nani? Yake. Laini ya nani? Yake. Aliyebonyeza nani? Yeye. Mwambie siku nyingine atumie ya kwako uone kama itakata. Cherehani ile ni chuma cha kumimina na vyuma vingine vya kawaida, fundi yeyote akiifungua mbele yako utaviona vyote mpaka skrubu ya mwisho, hamna chumba cha siri. Zebaki ya kweli ni ile ya rangi ya fedha inayomiminika, ilikuwemo kwenye vipimajoto vya zamani na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaitumia kukamatia dhahabu, na ni sumu, si kitu cha kutamani kukaa nacho chumbani. Na huyo mwenye milioni 80 mfukoni anashindwaje kumlipa mtaalamu wake mwenyewe laki nne? Hapo ndo biashara ilipo, ni hiyo laki nne, akishaipokea mtaalamu atapata ajali njiani, atahitaji laki mbili za hospitali, na mtamtumia. Akirudi mwambieni sawa, kata laki nne kwenye milioni 80 utupe zinazobaki. Hamtamuona tena.

Haya tuje kwenye mali yenyewe sasa, manake mali mnayo ila hamjui. Chukua kitambaa ufute vumbi pale kwenye kitako cha cherehani, kuna kibati au sehemu ya chuma ina namba. Ikianza na F, Y, au E ikifuatiwa na herufi nyingine, basi cherehani ya bibi ilitengenezwa Clydebank kule Scotland, kwenye kiwanda kilichoanza kazi miaka ya 1880 na kufungwa 1980, kikubwa mpaka kikawekewa stesheni yake ya treni, na hiyo stesheni hadi leo inaitwa Singer ingawa kiwanda hakipo. Ile namba ukiitafuta kwenye orodha za Singer mtandaoni inakupa mpaka mwaka. Kaka asome hiyo badala ya kusikiliza wapita njia.

Ugumu wa gurudumu mara nyingi si ubovu, ni mafuta. Mtu alishawahi kuitia mafuta ya kupikia, au mafuta mazuri yaliyokaa mpaka yakaganda yakawa gundi. Toa uzi, toa sindano, legeza mkanda. Dondoshea mafuta ya taa kidogo kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, acha usiku, kesho yake zungusha gurudumu kwa mkono polepole ukielekeza kwako, usitumie nguvu, utaona uchafu mweusi unatoka, futa. Rudia mpaka lilainike ndo uweke mafuta yenyewe ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, kichupa chake si bei. Ya kupikia marufuku, hata ya nazi, hata kama fundi wa mtaa anasema bibi zetu walitumia. Na yale maua ya dhahabu usiyafute kwa spiriti yanatoka yote, kitambaa laini na tone la mafuta hayohayo ya cherehani basi.

Nyuzi kujaa fundo chini watu wote wanakimbilia bobini wanaikaza wanailegeza mpaka wanaiharibu, kumbe tatizo liko juu. Uzi wa juu haujaingia kwenye vile visahani viwili vya tensheni. Nyanyua mguu wa cherehani kwanza, ule mdogo unaobana kitambaa, ndo upitishe uzi, ukiupitisha mguu ukiwa chini visahani vimebana uzi unakaa pembeni tu. Alafu angalia sindano, ina upande bapa na upande wenye mfereji mrefu, uzi unaingilia upande wa mfereji kwenda upande bapa, ikigeuzwa hapo ndo utalia. Na weka sindano mpya, ile aliyoiacha bibi ishakuwa butu. Mkanda wa ngozi kama umelegea unakatwa kipande unaungwa tena na kile kiwaya chake, fundi cherehani yeyote anafanya hiyo kazi huku anaongea na simu.

Ikishakaa sawa ishoneni. Hata mapazia. Hata kupinda kanga za majirani kwa hela ndogo ndogo, manake ikirudi stoo mafuta yataganda tena na kijana mwingine atapita.

Mambo Shangazi, watoto wameokota kobe shambani, tunataka tumfuge. Jirani anasema tumtoboe tundu pembeni ya gamba tumfunge kamba asitoroke. Anakula nini?
*Baba Watatu, Dodoma*

Anakula majani na uhuru wake. Jamani, gamba la kobe si sahani aliyobeba mgongoni, ni mifupa yake yeye, ina damu na inauma, kumtoboa ni sawa na mtu akutoboe ubavu akutie kamba. Pili ni kosa kisheria, wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, huwezi kumtoa porini ukamfanya wako bila kibali, hata awe mpole kiasi gani. Mrudisheni palepale mlipomtoa, si shamba la mbali, kobe anajua kwake. Kama kashatobolewa mpelekeni ofisi ya maliasili wilayani au kwa daktari wa mifugo. Watoto wakitaka kobe wa kumshika na kumlisha mchicha, siku mkijaaliwa Zanzibar wapelekeni kisiwa cha Changuu, wapo majitu makubwa ya asili ya Shelisheli, mtoto anaweza kupiga picha naye mpaka achoke. Kwa sasa wafugieni sungura.

Shangazi shikamoo, sisi ni vijana sita tunafanya kazi pamoja Kariakoo, tumechoka kila wikendi baa, hela inaisha na Jumatatu kichwa kinauma. Tunataka tupande mlima. Mmoja anasema Kilimanjaro moja kwa moja, mwingine anasema tuanze na Pugu. Bajeti yetu ya mawazo. Na mwenzetu ana mbwa wake mkubwa mzuri sana anataka twende naye. Tushauri.
*Wana wa Mtaa wa Swahili*

Marahaba wanangu, na hongereni, manake hilo la Jumatatu nalijua.

Kilimanjaro muacheni kwanza. Ni mita 5,895, haupandwi wikendi, unapandwa kwa siku tano au zaidi, lazima muwe na waongozaji, na hewa ya kule juu haiangalii nani ana kifua kipana. Pugu nako si pabaya ila mtafika saa nne mtarudi saa saba mko baa. Mimi nawapeleka Morogoro, milima ya Uluguru. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inawafikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili hivi kama hamna shida njiani, tiketi kateni mapema manake Ijumaa jioni watu wanajaa. Stesheni iko nje kidogo ya mji, mnachukua bajaji, mnatafuta gesti ya bei poa mnalala, na hapo ndo pagumu wanangu, KULALA, si kwenda kuangalia Morogoro usiku ikoje.

Saa kumi na mbili asubuhi mko barabarani. Mnapandisha kupitia Boma kuelekea Morningside, kuna jengo la enzi za Mjerumani huko juu, wapandaji wa kawaida wanatumia saa mbili mpaka tatu. Njia inapita kwenye migomba na vishamba vya mboga vilivyokatwa ubavuni mwa mlima mpaka unajiuliza mwenye shamba anasimamaje, na mtapishana na wakinamama wa Kiluguru wanashuka na matenga ya mboga kichwani wanapeleka soko la Chifu Kingalu, wamevaa kandambili, wanaongea, hawahemi hata kidogo, na nyie na raba zenu za laki mmekaa kwenye jiwe mnaomba maji. Wasalimieni vizuri. Mkinunua ndizi njiani msibishane bei, mnatoka Kariakoo najua mtataka kubishana.

Mkitaka kuendelea juu zaidi mpaka ndani ya msitu wa hifadhi, au kilele cha Lupanga ambacho kina zaidi ya mita 2,100, hapo lazima mlipie kibali kwanza TFS, wale wakala wa misitu, na mpate mwenyeji wa kuwaongoza, msijifanye mnaijua njia, ukungu ukishuka kule hata mkono wako huuoni. Na mkiwa huko juu mkumbuke kwamba mto Ruvu unaanzia kwenye hiyo milima, yaani yale maji mnayogombania bombani Dar mengi yanatoka hapo, kwa hiyo msinitupie chupa. Kila mlichopanda nacho mshuke nacho.

Vitu vya kubeba: maji lita mbili hadi tatu kila mtu, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, sweta, koti la mvua, tochi hata kama mna uhakika mtarudi mchana. Viatu vaeni vile mlivyokwisha kuvizoea, anayenunua viatu vipya Ijumaa atarudi Jumapili na malengelenge amebebwa. Jinzi acheni nyumbani, ikilowa inakuwa nzito na haikauki. Mkiona siafu wanakatiza njia ingizeni suruali kwenye soksi mpite haraka, msisimame kupiga video. Kushuka nendeni taratibu kuliko kupanda, watu wengi magoti yanaharibikia kwenye kushuka. Nendeni Juni mpaka Septemba, masika ya Machi hadi Mei ule udongo unateleza balaa.

Mbwa abaki. Hifadhi za taifa haruhusiwi kabisa na msituni pia msimpeleke, na si roho mbaya. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaotokana na virusi vinavyowapata mbwa wa kufugwa, uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi ya simba wote wa kule. Theluthi! Mbwa anaweza kuwa mzima machoni na kabeba kitu. Mwenzenu ampeleke ufukweni alfajiri wakati hakuna watu, mbwa akiona bahari kwa mara ya kwanza anachanganyikiwa, anaikimbiza wimbi inamkimbiza, mtacheka mpaka msahau mlima. Ila awe amechanjwa kichaa cha mbwa, wanaanza wakiwa na miezi mitatu na wanarudia kila mwaka. Na hili ni la wasomaji wote, mkiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna dawa, ni kaburi. Msiweke pilipili wala manyoya ya mbwa aliyewauma, mmenisikia.

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi niko Maskati, mama yetu alikuja na kanga zake kutoka Unguja, zipo nyingi kwenye sanduku, nyingine hazijawahi kuvaliwa, doti bado haijakatwa. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Wifi yangu anataka achukue mbili azikatie foronya za makochi, zinaonekana za kizamani na ndo fasheni. Nimemkatalia tukanuniana. Nina makosa?
*Binti wa Unguja, Maskati*

Waalaykum salaam mwanangu, Mungu amrehemu mama. Huna makosa ila na wifi usinune naye, muite mchague wote.

Zile zilizovaliwa zikachakaa, zenye rangi iliyokwisha kukimbia, mpe ashone anachotaka, kanga ni nguo ya kutumika na mama mwenyewe angezikatia nepi bila kuwaza. Zile doti nzima ambazo hazijakatwa acha kama zilivyo. Soma majina yake. Kama kuna yenye jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu hiyo ni ya kale kweli, zamani yaliandikwa hivyo kabla ya kuhamia herufi hizi tunazotumia, hiyo hata mkasi usipite karibu. Kama ipo ya kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe, muulize shangazi zako waliobaki huenda ni ya harusi yake.

Ukizifua tumia maji baridi, moja moja, zianike kivulini, na wanga usitie, wadudu wanaupenda. Zikunje, na kila baada ya muda zikunje upya kwa mikunjo mingine manake kitambaa kinakatikia kwenye mkunjo uleule. Karafuu kavu funga kwenye kitambaa chepesi uweke pembeni, zisigusane na kanga zitaacha doa. Sanduku lisikae penye jua la dirishani. Na moja, ile unayoipenda kuliko zote, vaa. Vaa Idi, wifi akuone.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 12. Nimepata kopo la sarafu za babu, kuna za Nyerere zina sungura, kuna zenye tundu katikati, zimechakaa nyeusi. Nataka kuzisugua na majivu na ndimu ziwe mpya niuze ninunue baiskeli. Zitafika bei gani?
*Mwanafunzi, Tabora*

Marahaba mjukuu wangu. Kwanza weka ndimu chini. Sarafu ya zamani ikisuguliwa inapoteza thamani, wanaokusanya wanataka ule weusi wake wa asili, ukiing'arisha hawaitaki tena. Futa vumbi tu kwa kitambaa kikavu, weka kila moja kwenye kibahasha chake cha karatasi, uandike mwaka juu.

Za Nyerere ndo sarafu zetu za kwanza, zilianza 1966. Senti tano ina samaki na kona kumi na mbili, zihesabu uone, senti ishirini ina mbuni, senti hamsini ndo hiyo yako ya sungura, tulikuwa tunaiita sumni na ukiingia nayo dukani muuzaji anakuita kwa jina, na shilingi ina mkono umeshika mwenge. Zile zenye tundu nyingi ni za wakati wa mkoloni Mwingereza, zilitumika Afrika Mashariki yote, Kenya, Uganda na kwetu, watu walizitunga kwenye kamba zisipotee. Ukiziangalia vizuri kuna pembe za ndovu zimezunguka tundu.

Baiskeli hutaipata hapo, nakwambia ukweli, zilitengenezwa nyingi mno na ziko kwenye makopo ya mababu nchi nzima. Ila wewe uko Tabora mjukuu wangu, na hapo Tabora mwaka 1916 Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani waligonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli, mojawapo ni ya dhahabu, rupia 15, ina tembo. Hiyo ndo wakusanyaji wanaitafuta duniani. Kwa hiyo limwage lile kopo lote mkekani, angalia moja moja mbele ya baba au mama, na ukiona tembo usiende nayo shule, usimpe mtu akushikie, na mdogo wako asizitie mdomoni. Ukikosa tembo niandikie tena nikwambie jinsi ya kumuomba babu mwingine kopo lake.